Kiti Kimoja kwenye Ndege ya Yusta

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime kidogo. Hadithi ya leo nimeileta bila jibu. Jibu mtalitoa ninyi, na mkigombana huko njiani mkirudi makwenu, jina langu msilitaje.

Palikuwa na mji mdogo wa nyanda za juu uitwao Ilembelo, mji wa baridi, viazi na mipaina, ambako hata bwana harusi huvaa sweta ndani ya koti. Humo waliishi watu watatu wenye vipaji. Anania Mgaya alikuwa fundi seremala. Ubao ukiingia mikononi mwake ulitii. Kibwana alikuwa mchoraji wa mabango ya saluni, mtu wa Tanga aliyemfuata mke huko juu, akampata mke na mafua. Mama Twilumba alipika uji wa shule ya msingi, na kipaji chake kilikuwa kutomwogopa mtu. Msicheke. Hicho nacho ni kipaji, na wengi wetu tulinyimwa.

Nianze na Anania, maana yeye ndiye aliyekuwa na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni ndege. Tangu utotoni, ndege ikipita juu aliacha jembe, akaacha na chakula, akaitazama hadi wingu liimeze. Kupanda hakuwahi kupanda hata siku moja. Watu walidhani uzee utamponya. Wapi! Ndiyo kwanza ulizidi. Akimaliza vitanda na milango ya watu, aliokota masalia ya mbao akachonga ndege: mabawa yaliyopigwa msasa yakateleza, tairi zinazozunguka, mkia unaogeuka kwa kidole. Miaka ikaenda, ndege zikajaa chumbani, zikaning'inia mpaka juu ya mto wa kulalia.

Mkewe akasema, "Baba, chagua moja. Mimi au uwanja wa ndege."

Anania akacheka, lakini neno likamwingia. Alikuwa amegundua jambo jingine pia. Watoto wa Ilembelo ukiwauliza wanataka kuwa nani, wote walijibu: dereva wa lori la mbao. Si kazi mbaya, lakini wote? Basi akaamua kuzitoa ndege zake zote ziwe zawadi ya shule, watoto wajue kuna barabara nyingine kule juu. Uamuzi huo ulimuuma na kumfurahisha kwa pamoja.

Zawadi haipelekwi uchi. Anania akamwita Kibwana azipake rangi.

"Nipake nini madirishani?" Kibwana akauliza, shingo imezama ndani ya skafu.

"Abiria. Na rubani mbele. Au kwenu Tanga ndege hazina madirisha?"

"Zinayo, tena sisi tunaoga kabla ya kupanda. Ninyi mnaosubiri Pasaka mtaanzia wapi?"

Wakataniana hivyo, kila mtu akashika kazi yake. Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kibwana maisha yake yote alichora vichwa vya saluni, na vichwa hivyo ndivyo mkono wake uliovijua. Anania aliporudi, kila dirisha lilikuwa na kichwa kilichotoka kwa msusi. Kuna rasta, kuna mabutu, kuna panki. Mbele kabisa, mahali pa rubani, kwenye ndege kubwa kuliko zote, alikaa binti aliyesukwa mtindo wa twende kilioni, macho makavu, mikono kwenye usukani.

"Yarabi!" Anania akashika kiuno, na yeye ni Mlutheri. "Kibwana, nani alikwambia rubani anasukwa twende kilioni?"

"Nani alikwambia hasukwi?"

"Futa!"

"Rangi ya mafuta hii. Nikifuta, na ubao wako unachubuka."

Anania aliupenda ubao wake kuliko alivyoichukia ile picha. Binti akabaki palepale.

Siku ya kukabidhi, shule ilipiga ngoma. Mwalimu mkuu alishukuru mpaka miwani ikapata ukungu. Anania akasema maneno machache, na ya mwisho yalikuwa haya: "Nawaombeni, zisiguswe." Mwalimu mkuu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mnajua desturi ya shule zetu: kitu kizuri kikija, kinaingia kwenye kabati la vioo ofisini, kinangoja wageni. Mipira mipya imo humo mpaka imeishiwa upepo. Ramani ya dunia imo humo, bado imekunjwa. Ndege nazo zikaingia, ufunguo ukageuzwa.

Hapo ndipo anapoingia Mama Twilumba. Ufunguo wa ofisi alikuwa nao, pamoja na wa kabati, kwa sababu sukari ya uji ilihifadhiwa humo. Kila asubuhi aliona watoto wamebandika pua kwenye dirisha la ofisi, wakitazama kioo nyuma ya kioo. Alivumilia, akavumilia, uvumilivu ukamwishia. Siku moja wakati wa mapumziko akafungua kabati, akazitoa ndege zote, akazipanga kwenye majani.

"Haya. Kunyweni uji, naweni mikono, rusheni."

Uwanja ukageuka wazimu. Kwa bahati mbaya Anania alikuwa anapita akiwa na mbao begani. Aliona ndege zake mikononi mwa watoto wenye uji mashavuni, akaona na ile kubwa imevunjika bawa. Ameishika msichana mwembamba, Yusta Luvanda, analia bila sauti.

"Nani amezitoa?" Anania akafoka.

"Mimi," Mama Twilumba akajibu, mwiko mkononi. "Kwani baba ulileta ndege, au ulileta vyombo vya wageni?"

Anania akageuka, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake Mama Twilumba hakumchapa Yusta. Alimkalisha karibu na jiko, akampa gundi, akamwambia hatasimama mpaka bawa lirudi mahali pake. Msichana akakaa na ndege ile mapajani mchana mzima. Aligeuza mkia, akazungusha tairi, akamtazama sana yule rubani wa mbele, kisha akapapasa kichwa chake mwenyewe. Alikuwa amesukwa vilevile.

Kabati halikufungwa tena, maana watoto wangelia na wazazi wao wangekuja. Ila Mama Twilumba alilipia. Alisimamishwa kazi muhula mzima, akawa anauza viazi vya kuchemsha barabarani, na wala hakuomba radhi.

Miaka ikapita. Sasa tusimame wote kwenye uwanja wa majani wa Ilembelo, ule wanaochungia ng'ombe. Ng'ombe wameswagwa, mji mzima umetoka, na ndege ndogo ya kupeleka dawa imetua. Mlango ukafunguliwa, akashuka rubani. Ni Yusta. Bibi mmoja akapiga kigelegele hadi sauti ikakatika.

Yusta akawatafuta watatu wale kwenye umati, akawapigia magoti mmoja mmoja. Machozi yalimtoka Anania, akayaacha yatiririke.

"Baba zangu, mama yangu," Yusta akasema, "nahamishiwa kanda ya ziwa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kutua huku. Naelekea Songea. Nyuma nimejaza dawa, kiti kilichobaki ni kimoja, hapa mbele pembeni yangu. Nataka nimpeleke mmoja wenu aione nchi kutoka juu. Kesho atarudi na basi."

"Nani?" umati ukauliza.

"Ndiyo sijui. Baba Mgaya asingechonga, nisingekuwa na cha kushika. Baba Kibwana asingemsuka yule rubani, nisingewaza kwamba mtu kama mimi hukaa pale mbele. Mama asingefungua kabati, ningeviona vyote hivyo kupitia kioo, nikamaliza shule, nikaolewa. Niwaulize basi, katika mafiga matatu, ni lipi linalobeba chungu? Amueni wenyewe."

Adabu ilimtaka Anania aseme, "Tangulieni wenzangu." Alifungua mdomo aseme hivyo. Mdomo ukasema, "Mimi naitaka nafasi hiyo."

"Hata mimi naitaka," akasema Kibwana. "Labda nitaiona Tanga."

"Tanga haionekani kutoka huku," Anania akamkatiza.

"Basi nitautazama upande wake."

"Na mimi naitaka," akasema Mama Twilumba, kanga ameifunga kiunoni, "na msidhani nitaona haya."

Wakatazamana, wakaangua kicheko kikubwa, kisha kicheko kikakoma, maana kila mmoja alikuwa amesema kweli.

"Anania," Kibwana akaanza, "usikasirike. Umechonga nusu ya umri wako. Lakini ni wewe uliyesema zisiguswe, na kichwa changu ulitaka kukifuta."

"Na wewe, Kibwana," akasema Mama Twilumba, "ulichora vile kwa mazoea tu. Hukumkusudia mtoto wa mtu."

"Aliyekusudia na asiyekusudia, mtoto aliona kazi ya nani?"

"Na wewe, mama," Anania akasema polepole, "uliteseka, nakiri. Lakini ulifungua mlango wa vitu vya wenzako. Bila sisi ungefungua kabati la mipira isiyo na upepo."

"Na bila mimi zingekuwa humo mpaka leo."

Anania akaisogelea ndege, akaweka kiganja juu ya bawa. Lilikuwa la baridi, lina misumari midogo iliyopangwa mistari, kitu ambacho hakuwahi kukijua. Katika mabawa yote aliyoyachonga maishani, misumari ile hakuiweka. Alitamani sana kupanda, na kwa wakati uleule aliwapenda wale wawili kuliko alivyowahi kuwapenda. Hakujua afanye nini na mambo hayo mawili.

Yusta akatazama milima. Wingu lilikuwa limeanza kuteremka, na wingu la huko likifunga, limefunga. "Wazee wangu," akasema, "nawasha."

Pangaboi la ndege likaanza kuzunguka, majani yakalala, kofia ya mtu ikaruka. Mlango uko wazi, mkanda wa kiti uko wazi. Wale watatu wakageuka, wakatutazama sisi tuliokuja kushangaa.

Haya, msiniangalie mimi. Wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzio: mngempandisha nani? Mtajeni. Na ukishamtaja, usikimbie. Wageukie wale wawili waliobaki kwenye majani, watazame machoni, uwaambie kwa nini si wao.