Mafuta ya Mgongoni na Mafuta ya Tumboni

Fumba macho kidogo, ewe msikilizaji, uuone uwanda wa chumvi ulio mweupe kama shuka iliyoanikwa, usio na mti wala kivuli, na jua la alasiri limesimama juu yake, na katikati ya weupe ule amelala farasi jike mwekundu, mwili wake unang'aa kama sinia ya shaba, mbavu zake zinapanda na kushuka, na povu limemkaukia mdomoni. Kijana amepiga magoti kando yake na amevua kilemba chake amfunike macho asipigwe na jua. Na mbali kidogo, chini ya hema la hariri, mtu mnene aliyeketi juu ya mito anauliza ni nani aliyemharibia furaha yake.

Mtu huyo ni Sultani Ghadhanfari bin Tufaili, mtawala wa mji wa Sarmadi, mji wenye kuta za mawe mekundu na mashamba ya ufuta yasiyoonekana mwisho. Farasi yule aliitwa Nasimu, na kijana aliyempanda aliitwa Zuheri bin Harithi. Na katika umati, akisukumana na askari ili amfikie ndugu yake, alikuwamo dada yake Mayasa, aliyerithi kwa baba yao shinikizo, yaani kile kinu kikubwa cha kukamulia mafuta kizungushwacho na ngamia. Na huyu Mayasa ndiye mwenye hekaya hii.

Kati ya Sarmadi na nchi jirani ya Hanzali palikuwa na chemchemi moja tu, na mababu waliona kuliko kumwaga damu kwa ajili ya maji, afadhali farasi washindane. Basi kila mwaka kila nchi ilitoa farasi mmoja, wakauvuka uwanda wa chumvi tangu mapambazuko, na aliyetangulia kuligusa jiwe la mwisho, watu wake walichota kwanza mwaka mzima. Na Sarmadi walikuwa na desturi waliyojivunia sana. Siku iliyotangulia mashindano watu walibeba mafuta ya ufuta hadi kwenye mabanda ya farasi, wakampaka farasi wao mgongo na shingo na miguu, mpaka Sultani aweze kuziona ndevu zake kwenye ubavu wa farasi kama kwenye kioo. Naye alipoziona, ngoma zilipigwa. Na tumboni walimjaza shayiri juu ya shayiri ili awe mkali. Naye alikuwa mkali kweli, akapiga mateke na kuchomoka kama mshale, na jua halijafika utosini, amekwisha. Walishindwa mwaka baada ya mwaka, na dawa yao ilikuwa ileile: mafuta zaidi kwa farasi, na fimbo zaidi kwa mpandaji.

Siku ile Nasimu alipoanguka, Waziri Bakhtiari, aliyeitunza desturi ile kama mtu atunzavyo kitumbua chake kisiingie mchanga, aliinama sikioni mwa Sultani akamwambia kwamba farasi anayeng'aa namna ile haanguki bure, na bila shaka mpandaji ameuza ushindi kwa Hanzali. Sultani akaamuru Zuheri afungwe minyororo. Ndipo Mayasa akapenya kati ya mikuki, akasimama mbele ya hema bila kuinama.

"Ewe Sultani," alisema, "ndugu yangu hakuuza kitu. Farasi kaishiwa nguvu. Kama wataka mwenye kosa, mwulize aliyemlisha."

Waziri akacheka, akasema kwamba leo muuza mafuta anataka kuufundisha ufalme kulisha farasi. Sultani naye akatabasamu, nalo lilikuwa tabasamu baridi.

"Vema, binti. Chukua mzoga wako. Mwakani utamleta hapa hapa. Akishinda, ndugu yako atatoka gerezani. Akishindwa, kichwa cha ndugu yako ndicho kitakachotoka."

Watu wakacheka, kama watu wanavyocheka mtawala anapofanya mzaha.

Mayasa akamkokota Nasimu mpaka nyumbani, hatua kwa hatua, na hasira aliyokuwa nayo ilimjaa mpaka hofu ikakosa mahali pa kukaa. Alipoingia shinikizoni jicho lake liliangukia mtungi wa kale wa baba yake, ambao tangu enzi za mababu ulijazwa mafuta kwa ajili ya desturi ile ya kupaka. Akatwaa mchi akaupiga mtungi, ukapasuka. Na mafuta hayakumwagika chini. Yalisimama, yakarefuka hadi darini, yakawa na mabega na kichwa, na macho mawili kama tambi za taa, na kabla kichwa hakijakamilika, mdomo ulikwisha kuanza kulaani.

"Mgongoni," jini alisema. "Kila mwaka mgongoni. Mna vichwa ninyi, au mmebeba maboga?"

Mayasa akamwambia kwamba leo si siku ya kutukanwa, na kama ana hasira apange foleni.

Jini akamtazama kwa mshangao, kisha akashusha sauti. "Mimi ni Dahmani. Mfalme wa kwanza wa Sarmadi alinifunga ndani ya mafuta niwatumikie farasi wake, na sitafunguliwa mpaka mtawala wa mji huu amlishe farasi kwa mkono wake mwenyewe. Nguvu zangu huingia kwa mdomo, binti Adamu. Nanyi mmenipaka kwenye manyoya, mkaziba jasho la farasi, chumvi ikamganda, akapikwa ndani ya ngozi yake kama samaki katika jani la mgomba. Kisha mnampiga yule aliyempanda."

Mayasa akamwamuru aende alivunje gereza na amtupe Sultani katika chumvi. Dahmani akajibu kwa uchungu kwamba angelipenda sana, lakini nje ya tumbo la farasi hana mikono. Basi Mayasa hakungoja neno lingine. Akajaza kibuyu kizima mafuta, akayamimina katika shayiri ya Nasimu, akasimama juu yake mpaka farasi, kwa njaa na kwa utiifu, akala yote.

Kulipokucha Nasimu alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini, anaharisha, hataki hata maji. Mayasa akamgeukia jini akamwita mwongo na laana ya ukoo wake.

"Umemfanyia yale yale aliyofanyiwa na Sultani," alijibu Dahmani. "Umemdai leo asichoweza kukupa leo. Tumbo la farasi ni mtoto siku yake ya kwanza chuoni. Ukimpa msahafu mzima, atakimbia. Mpe alifu. Akiishika alifu, mpe be."

Neno lile lilimchoma Mayasa kuliko matusi yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Akaketi chini katika uchafu ule, akakiegemeza kichwa cha farasi mapajani mwake, akamwomba radhi.

Tangu hapo alimlisha kama jini alivyomfundisha. Kwanza majani makavu peke yake, mpaka tumbo likatulia. Kisha kijiko kimoja cha mafuta katika pumba iliyoloweshwa, akaacha tumbo lizoee; kisha viwili; na miezi ilipopita kijiko kikawa upawa, naye Dahmani akaingia tumboni pamoja na mafuta hayo. Shayiri aliipunguza, majani hakuyapunguza kamwe, na ukingoni mwa kisima alimkatia majani mabichi. Mafuta yalikuwa ya kukamuliwa karibuni, kwa kuwa pua ya farasi hujua mafuta yaliyochacha kabla ya pua ya mpishi. Akamtembeza, kisha akamkimbiza pole pole milimani, kisha safari ndefu ukingoni mwa chumvi. Na kila siku hasira yake ilimwambia amimine mtungi mzima, na kila siku yeye alishika kijiko. Usidhani ilipungua, hasira ile. Ilijifunza tu kukaa kijikoni.

Na Nasimu akabadilika. Mbavu zikafunikwa, mashimo juu ya macho yakajaa, mateke yakaisha. Alikula mkononi bila kuuma, na alirudi kutoka mbio ndefu akipumua kama mtu aliyekwenda kumjulia hali jirani.

Zuheri hakubadilika hivyo. Kila Ijumaa Mayasa aliruhusiwa kumwona kupitia tundu la gereza, na kila Ijumaa aliona mifupa zaidi, maana wafungwa walipewa makombo ya shayiri na maji. Yeye aliuliza habari za farasi tu. Mwaka ulipokaribia kwisha alijaribu kusimama amwoneshe dada yake namna ya kushika hatamu kwenye chumvi, na miguu ikamwangusha. Wote wawili wakajua bila kusemezana kwamba mpandaji atakuwa Mayasa.

Siku ya kupaka mafuta ikafika, na watu wakaja na mitungi yao. Mayasa akasimama mlangoni mwa banda ameshika mchi, akawaambia warudi nyumbani wakapikie mafuta yao. Habari zikamfikia Waziri Bakhtiari, naye akaja na askari tayari kumshtaki kwa kuidharau desturi. Lakini alipochungulia bandani akamwona Nasimu anang'aa kuliko farasi yeyote aliyepata kupakwa Sarmadi. Hapo akabadilisha mashtaka, akasema mwanamke huyu amempaka farasi kwa siri, kabla Sultani hajahudhuria, na kosa hilo ni kubwa zaidi. Akatoa leso yake nyeupe ya hariri, akaipitisha ubavuni mwa farasi mbele ya watu, akaiinua juu. Ilikuwa kavu, na haina kitu ila unywele mmoja mwekundu. Akafuta tena kwa nguvu zaidi, shingoni, kisha pajani.

"Mheshimiwa Waziri," Mayasa alisema, "ukizidi kumkuna atakuzoea."

Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyewapa ruhusa.

Asubuhi ya mashindano Hanzali walimleta farasi wa kijivu, na aliyempanda alikuwa mwana wa sultani wao, jina lake Wathiki. Walipoachiliwa, wa kijivu akatangulia. Mayasa alipolipita hema la Sultani aliona upanga wa mkata vichwa umelazwa juu ya zulia, na kando yake Zuheri ameketishwa, amefungwa kamba. Na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fimbo. Ndipo akasikia kutoka tumboni mwa farasi sauti anayoijua.

"Bado," ilisema. "Usiumwage moto wote njiani."

Akaitupa fimbo. Wakaenda, na jua likapanda, na wa kijivu akawa nukta mbele yao, na Mayasa akaimeza hasira yake funda kwa funda. Jua lilipopinduka ile nukta ikaanza kukua. Wakafika mahali Nasimu alipoangukia mwaka uliopita, na farasi akapakumbuka, akasimamisha masikio, akataka kurudi nyuma. Mayasa akainama shingoni mwake akamwambia kwamba mwaka ule nguvu zilimwishia, na leo zimo tumboni mwake. Nasimu akapiga chafya, akaenda. Wakampita wa kijivu bila kishindo, kama msafiri ampitavyo mtu aliyeketi kupumzika, na Nasimu akaligusa jiwe la mwisho kwa pua yake, na pumzi bado anazo.

Baadaye Wathiki akafika kwa miguu, anamwongoza farasi wake kwa hatamu, kwa kuwa alikuwa ameshuka asimuue. Hakuuliza ni uchawi gani. Alimtazama Nasimu kutoka kwato hadi masikio, akauliza, "Dada, umemlisha nini?"

Mwaka mzima Mayasa alikuwa akimngoja mtu aulize swali lile, na macho yakamjaa machozi, akautoa upawa mkandani akamwonesha.

Sultani, aliyefuata nyuma na watu wake na mfungwa wake, akaja amepanua mikono, anasema kwamba tangu mwanzo alijua, na kwamba kwa ushindi huu atamwoa Mayasa amfanye wa nne kati ya wake zake, na amvike dhahabu hadi vifundoni.

"Kwanza ndugu yangu," alisema Mayasa.

Wakamleta Zuheri, askari wawili wamemshika makwapani.

"Mtazame, Sultani. Usimtazame farasi, mtazame huyu. Umemlisha makombo mwaka mzima, na sasa hawezi kusimama. Naye utamwita msaliti? Dhahabu yako sikuiomba, na nyumba yako sitaiingia. Shika upawa huu umlishe farasi kwa mkono wako, halafu umlishe ndugu yangu. Usipofanya, nitageuza farasi niwaambie Hanzali kwamba Sarmadi haikushinda, maana mwaka huu Sarmadi haikumpa farasi huyu hata punje."

Uso wa Sultani ukawa mweusi kwa ghadhabu. Akawatazama watu wake wacheke, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekuja na mitungi ile ya mafuta waliyorudishwa nayo bandani, kila mmoja na wake miguuni, na walikuwa wanamtazama Zuheri. Basi Sultani akautwaa upawa. Akachota pumba yenye mafuta katika mfuko wa Mayasa, akamnyooshea Nasimu, naye akanusa, akala, kisha akamlamba viganja.

Hapo ukungu wa rangi ya mafuta ukatoka puani mwa farasi, ukapanda hadi mbinguni, na Dahmani akaonekana mzima, huru, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinua mitungi yote ya watu wa Sarmadi na kuimimina juu ya Waziri Bakhtiari, kutoka kilemba hadi viatu, mpaka Sultani akaziona ndevu zake kwenye tumbo la waziri. Kisha akaenda zake, na hakuonekana tena.

Zuheri naye Sultani alimlisha kwa mkono wake siku ile, kisha akalishwa kama Nasimu alivyolishwa, kijiko kwanza, upawa baadaye, akapona, akawa mkuu wa mabanda yote. Mayasa aliolewa na Wathiki, na harusi yao ilifanyika penye chemchemi, na tangu siku ile nchi mbili zilichota pamoja, na mashindano yakabaki ya heshima tu. Shinikizo lake likawalisha farasi wa pande zote, naye akatajirika. Lakini Mayasa hakumsamehe Sultani. Kila mwaka, kabla ya mashindano, alikwenda na upawa hadi kwenye kiti cha enzi, akamnyooshea Sultani mpaka aushike amlishe farasi wa mwaka ule.

Hekaya yangu nimeiweka mikononi mwako, na farasi na majini waweza kuwasahau. Jambo moja tu nakuomba ulikumbuke: ukimwona aliyeanguka, kabla hujamlaumu, uliza alikula nini.