Jina la Mjukuu wa Bi Mwantumu

Haya, sogeeni, na anayejiona ana akili azilete zote. Walikuwapo watu watatu. Mbaruku alijua kompyuta. Kombo alijua uuguzi. Sufiani, muuza mkaa, alikuwa na damu ya kundi O hasi, ambayo wenye nayo ni wachache. Ukiwavua vipaji hivyo, Bi Mwantumu asingewaachia hata kuku wamlindie.

Lakini alikuwa ameshaapa. Mkaza mwana wake, Nasra, alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya wilaya, kisha damu ikawa haikatiki. Kundi lake lilikuwa O hasi, na friji ya damu haikuwa nayo. Bi Mwantumu akapiga kelele mbele ya watu, "Atakayeniletea damu ya mwanangu huyu, mjukuu wangu atachukua jina lake!" Na katika ukoo wao, jina la mjukuu wa kwanza hutoka kinywani mwa bibi mzaa baba, na likishatoka halirudi.

Kombo alikuwa zamuni. Akafungua programu ya kutafuta wachangia damu, akaanza kujaza visanduku: kundi la damu, jinsia, umri, kata. Wauguzi wa pale hawakuthubutu kuacha kisanduku kitupu. Ukikiacha, programu ilitafuta mtu ambaye naye hakuandikiwa kitu hapo, na mtu huyo hayupo. Basi walizoea kujaza habari za mgonjwa mwenyewe. Kombo akatafuta mwanamke, wa umri wa Nasra, wa kata ya Nasra. Hakupatikana mtu.

"Wewe baba, unatafuta damu au unamtafutia pacha?" akauliza Bi Mwantumu.

"Mama, ndivyo tulivyofundishwa."

Akaitwa Mbaruku, fundi aliyeitengeneza programu hiyo. Alikuja na kikombe chake cha chai, bwana mkubwa, akaanza kwa lawama. "Programu haina kasoro. Tatizo ni watumiaji." Kisha akaketi, akairekebisha: kisanduku kilichojazwa kifuatwe, kilichoachwa kitupu kirukwe. Haikumchukua muda. Kosa lenyewe alilitia yeye tangu mwanzo, na bado aliinuka akingoja kushukuriwa.

Kombo akarudi kwenye kompyuta. Safari hii akajaza kundi la damu peke yake, mengine akayaacha. Msidhani ni busara. Alichoka kuandika, alikiri mwenyewe. Likatokea jina moja: Sufiani, mwanamume wa makamo, kata ya mbali. Angejaza kama alivyozoea, jina hilo asingeliona.

Sufiani alipopigiwa simu, aliikata. Alipopigiwa tena, akasema alijiandikisha kwa ajili ya fulana ya bure tu. "Na huko chai ipo?" Akaambiwa ipo. Akaja, akalala kitandani akilalamika kwamba sindano ni nene. Damu ikapimwa, Nasra akaongezewa, akapona. Bi Mwantumu alilia kwa furaha, kisha akaona haya, kwamba watu wa kumliza ndio hao.

Siku ya saba ikawa ya kumnyoa mtoto nywele na kumpa jina. Wote watatu wakafika na kanzu zilizopigwa pasi, utadhani wamekuja kuposa.

"Bila mimi, kisanduku kitupu kingewakwamisha mpaka leo," alisema Mbaruku.

"Na bila mimi, nani angekiacha kitupu?" akadakia Kombo.

"Jazeni, acheni, damu ilitoka mkononi mwangu," alisema Sufiani, pilau imemjaa mdomoni.

Bi Mwantumu akawatazama mmoja mmoja. Wa kwanza alifungua mlango alioufunga mwenyewe. Wa pili aliupita kwa uvivu. Wa tatu aliingia kwa kufuata chai. Lakini mtoe mmoja wao, yeyote, na Nasra yuko kaburini. Hilo alilijua, na lilimuuma kuliko yote. Kiapo hawezi kukivunja. Na kila atakapomwita mjukuu wake, maisha yake yote, atakuwa anamtaja mmoja wa hawa.

"Bi Mwantumu, jina," akasema kinyozi, wembe mkononi. Mtoto analia.

Haya, ninyi mliokuwa mkicheka, ingieni ndani ya kanga ya bibi huyo. Jina ni moja, msiniletee ya kuwaunganisha. Mbaruku, Kombo au Sufiani: ungemwita nani, na ungemtazamaje Nasra usoni ukimweleza sababu?