Vishindo Nyuma ya Mghoi

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, huko kwenye milima ya ukungu, wanawake walishindana mbio kila baada ya mavuno. Mshindi alipewa shuka moja nyekundu, ila hakujifunga mwenyewe. Alimvisha yule aliyemwezesha kukimbia, na tangu siku hiyo wawili hao wakawa ndugu, wakala sahani moja mpaka kufa.

Mghoi alikuwa mkimbiaji. Kila alfajiri alikimbia na dada yake Mkawasi, yeye mbele, dada nyuma. Homa ikamchukua Mkawasi. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na vyungu viwili. Mghoi akitoka kukimbia, akifika kilimani tu, miguu inagoma. Mganga akaikanda, akaikunja, akasema mizima kabisa. Kilichouma hakikandiki, jamani. Mghoi akarudi kitandani, akawa halali wala haamki.

Shangazi yake, Saru, alikuwa na mdomo huyo! Kila alfajiri alisimama mlangoni akamsema mpaka majirani wakaona haya, na maneno yakishindwa, alimvuta mguu. Mghoi akatoka kwa kuchoshwa na kelele.

Asubuhi moja, chini ya kilima, akasikia vishindo nyuma yake ndani ya ukungu. Akisimama, vinasimama. Akienda, vinakwenda. Hakugeuka. Aliamini ni dada, kwa kuwa alitaka sana awe dada. Akapanda kilima huku analia, na miguu haikugoma. Ikawa hivyo kila siku. Akaanza hata kuzungumza naye, akimsimulia chakula alichopika kikamshinda kula peke yake.

Siku ya mbio, wamekwisha kujipanga, rafiki yake Wakio akamsogelea.

"Mghoi, anayekufuata alfajiri ni Mwadime, yule mchunga mbuzi. Nimemwona kwa macho yangu. Leo wanaume hawakimbii. Nimeona heri ujue hapa kuliko kilimani."

Ngoma ikalia, wakatoka. Kilimani Mghoi akatega sikio. Kimya. Dada amekufa tena, na safari hii hata matanga hakuna. Miguu ikasita, ikasita, kisha ikaenda. Kwa nini ilienda, mwenyewe hakujua. Akafika wa kwanza.

Akakabidhiwa shuka, watu wakamzunguka. Yeye aliyekaa bila mtu, leo ana watu watatu.

Shangazi akasema, "Bila mimi ungekuwa kitandani mpaka sasa."

Mwadime hakuthubutu kumtazama. "Bila mimi kilima usingekipanda. Nilinyamaza kwa sababu ungejua ni mimi, ungesimama."

Wakio akasema, "Hao walikufikisha kwenye mstari. Mimi nilikwambia kweli ukanichukia, na kwa kweli hiyo umekimbia bila kufuatwa na mtu."

Mghoi akawatazama mmoja mmoja. Akatazama na ng'ambo ya shamba, kwenye kaburi la yule aliyekimbia nyuma yake tangu utotoni. Akauliza taratibu, "Na pale kilimani leo, nilikuwa na nani?"

Shuka ni moja, ndugu ni mmoja, na wasiovishwa watarudi makwao. Mpaka leo amesimama nayo mkononi, na mimi nimechoka kumsimamia peke yangu. Haya, ninyi mliokaa mkinitolea macho, semeni: je, nani alistahili shuka ile?