Nyota Iliyoitwa Moyo wa Sultani

Wamepokea wasimulizi kutoka kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa yaliyofichika, ya kwamba katika mji wa Barzanga, wenye milango ya shaba na mabustani ya mikomamanga, alitawala Sultani jina lake Mundhiri bin Qahtani, mtu wa haki na mwepesi wa hasira, aliyependwa na raia zake na kuogopwa vilevile. Na katika anga la kusini mwa mji ule palikuwa na nyota moja kubwa, nyeupe yenye ubuluu, nayo haikutulia kama nyota nyingine, bali ilivimba na kunywea, ikavimba na kunywea, mfano wa kifua cha mtu aliyelala. Alipozaliwa Sultani Mundhiri, wanajimu walisema nyota ile imezidi mng'aro, na tangu siku hiyo watu wakaiita Moyo wa Sultani, na mtoto akilia, mama yake humpeleka dirishani akamwambia, "Nyamaza, Sultani anakutazama."

Basi Sultani akaugua, na alfajiri moja akafa.

Waliokuwa kitandani pake ni binti yake wa pekee, Mwana Raihani, na tabibu wa jumba, kijana aitwaye Nuumani bin Azhari. Tabibu akaweka kioo puani pa Sultani, kioo kisipate ukungu; akashika mshipa wa mkono, mshipa usipige. Akainamisha kichwa akasema, "Innalillahi. Mwana, Mungu akupe subira. Baba yako ametutangulia."

Kabla Raihani hajafumbua kinywa kulia, aliingia Waziri Kadhimu, na nyuma yake wanajimu, kilemba nyuma ya kilemba.

"Chunga ulimi wako, tabibu!" alisema Waziri. "Nyota imepiga hadi kulipopambazuka, nami nimeiona kwa macho yangu. Ikiwa moyo wapiga, mwenye moyo amekufaje?"

Wanajimu wakatazamana, na kila mmoja akaona ni salama zaidi kusema lile alilosema mwenziwe, wakasema, "Hajafa. Amezama katika usingizi wa wafalme." Tabibu Nuumani akashikilia neno lake, naye akatiwa gerezani. Na mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kuwa Sultani amelala, na atakayemlilia ni mwasi, kwa kuwa amemwombea mauti.

Tangu hapo Mwana Raihani hakujua avae nguo za msiba au za kila siku. Alipotaka kulia, alikumbuka mbiu. Alipotaka kutumaini, alikumbuka kioo kisicho na ukungu. Naam, na mambo ya jumbani yalimzidishia wazimu. Mwili wa baba yake haukuoza. Sinia za pilau na matunda ziliingia chumbani zimejaa na kutoka tupu. Amri zilitoka kwa Waziri, za kuongeza ushuru na kunyang'anya mashamba, na kila amri aliitanguliza kwa kusema, "Sultani amenong'ona." Jioni moja Raihani akaingia, akaweka kiganja juu ya kifua cha baba yake, na kweli akasikia kitu kinapiga, du, du, du, akataka kupiga kelele kwa furaha. Akaondoa mkono, na mapigo yale yakabaki katika vidole vyake mwenyewe.

Akatoka akipepesuka. Hajafika ukumbini, akasikia sauti ya baba yake, sauti ile ile yenye mikwaruzo ya asubuhi, ikimwita: "Raihani! Niletee maji, mwanangu!"

Akanyakua mtungi wa maji, akarudi mbio, mtungi ukamdondoka njiani. Baba yake alikuwa vile vile, baridi kama jiwe la kisima. Na juu ya mhimili wa kitanda alikaa kasuku wa kijivu, amefungwa mguu kwa mkufu wa dhahabu, mdomo wake umejaa punje za pilau.

"Ni wewe!" alisema Raihani.

"Ni mimi, bibi," alijibu kasuku, si kwa sauti ya Sultani tena. "Mimi ni jini, jina langu Shamardali. Babu yako alinifunga kwa mkufu huu, na sina budi kumtii mwenye kushika ncha yake. Leo anayeishika ni Waziri. Kaniamuru nile chakula, nikala. Kaniamuru niuzuie mwili usioze, nikauzuia. Kaniamuru niige sauti ili wapishi wasikie, nikaiga. Lakini kunifungua hawezi, ila mtu wa damu ya aliyenifunga."

"Basi baba yangu amekufa?"

"Hilo hawakumwuliza ndege. Waliuliza nyota."

"Nami nitaiuliza," alisema Raihani, na hakujua kama anasema kwa ushujaa au kwa kuchoka. "Nikikufungua, utanipeleka?"

"Nitakupeleka na kukurudisha, kisha sitaonekana tena katika nchi hii."

Raihani akaufungua mkufu. Jumba likatikisika, na yule kasuku akawa jini mwenye mabawa ya moshi, akamfunika bibi yake ndani ya bawa moja, wakapaa wakielekea kusini. Wakapita mawingu, wakapita mahali ambapo upepo hauvumi, na ile nyota, iliyokuwa mfano wa punje ya mtama, ikawa chungwa, ikawa mlima, ikawa bahari ya moto iliyojaa pande zote za macho. Na joto lake lilikuwa joto ambalo jua mbele yake ni mshumaa. Ilivimba, na Raihani akadhani dunia imekwisha. Ikanywea, akadhani ameachwa peke yake gizani. Machozi yakamtoka, yakakauka kabla ya kufika mashavuni.

"Ewe nyota!" alilia. "Wewe ni moyo wa baba yangu?"

Nyota ikavimba, ikanywea.

"Nijibu! Nimetoka mbali! Yu hai au amekufa?"

Ikavimba, ikanywea.

"Mbona hainijibu?" alimwuliza jini kwa hasira. "Au ndiyo inajibu, nami sielewi?"

"Bibi yangu," alisema Shamardali kwa upole, "ilikuwa ikipiga hivi kabla ya jiwe la kwanza la Barzanga. Wapo watu wa visiwa vya kusini wanaosema ni ngoma ya babu zao. Wapo watu wa jangwani wanaosema ni ngamia wa malkia wao anahema. Kila mmoja huapa kwa nyota hii, nayo haimjui hata mmoja wenu. Haikudanganyi. Haikujui tu."

 Raihani alihuzunika kwa kuwa baba yake hakuwamo mle, na akapata nafuu kwa sababu ile ile, na mambo mawili hayo yakagongana kifuani mwake hata asijue lipi ni lipi. Akasema, "Nirudishe."

Asubuhi yake, jini akiwa amekwisha kutoweka, harufu ya mwili ikaingia barazani. Sinia ya pilau ilirudi jikoni imejaa. Raihani akasimama mbele ya watu, akawaeleza yote, naye Waziri Kadhimu akacheka.

"Binti ameota," alisema. "Nyota bado yapiga. Mkimzika, mtauzika moyo wa mji huu, na giza litaingia."

Watu wakanung'unika kwa hofu. Ndipo kadhi, mzee aliyekaa kimya siku zote, akafunika pua kwa ncha ya kilemba na kusema, "Mimi sijui mambo ya nyota. Ila pua yangu inajua maiti, na maiti ana haki yake."

"Na ikizimika je, kadhi?" aliuliza Waziri.

"Ikizimika," alijibu Raihani, "mnizike naye, kaburi moja. Lakini kwanza mfungueni Tabibu Nuumani, amshike baba yangu miguu. Yeye ndiye aliyemheshimu kwa kumwambia mwanawe kweli."

Ikawa hivyo. Sultani Mundhiri akaoshwa, akasaliwa, na magharibi ilipokaribia akashushwa kaburini mbele ya mji mzima, na hapana aliyetazama kaburi. Wote walitazama kusini. Udongo wa mwisho ukamwagwa. Nyota nyingine zikaanza kutoka. Upande wa kusini pakainuka wingu jeusi, likatanda, na pale ilipokuwa nyota pakawa hapana kitu.

"Imezimika!" alipaza sauti Waziri. "Mzikeni naye! Amemuua Sultani!"

Mikono ikamshika Raihani. Alikuwa ameiona nyota kwa macho yake, amesikia joto lake usoni, na bado moyo wake ukamwuliza: je, kama kweli ilikuwa ndoto? Je, kama nimekosea mimi, na wao wamepatia? 

Nuumani akajitia katikati, na alama za pingu zingali mbichi mikononi mwake. "Mkimzika yeye," alisema, "nizikeni na mimi, maana nilitangulia kusema."

"Tabibu, ondoka," alinong'ona Raihani. "Sina hakika tena."

"Wala mimi sijui nyota, Mwana. Najua baba yako alikufa mbele yetu."

Wakawasukuma hadi kando ya kaburi, na wengine wakaanza kulifukua. Na hapo wingu likachanika kama kitambaa kikuukuu, na nyota ikatokea, nyeupe yenye ubuluu, ikavimba, ikanywea, ikavimba.

Mikono ikawaachia.  Kisha bibi kizee mmoja nyuma kabisa ya umati, muuza ubani, akajipiga kifua na kulia, "Ole wetu, Sultani wetu amekufa!" Na kilio kikapokewa na jirani yake, na jirani wa jirani, hata mji wote wa Barzanga ukalia machozi yaliyokuwa yamekatazwa, na Mwana Raihani akaketi juu ya udongo mbichi akamlilia baba yake kama mtoto mdogo, na hapana aliyemwita mwasi.

Arobaini ilipokwisha, watu wakamkalisha Raihani kitini. Waziri Kadhimu akaomba radhi, naye akasamehewa roho yake lakini si cheo chake, akaondoka mji ule kwa miguu. Mashamba yakarudi kwa wenyewe, ushuru ukapungua, na biashara ikastawi hata maskini wakavaa hariri siku ya Idi. Na Raihani akaolewa na Tabibu Nuumani kwa harusi ya ngoma na halwa, wakazaa na wakazeeka pamoja. Kila mtoto alipozaliwa jumbani, wanajimu walikuja wakiwa tayari kumtafutia nyota, na kila mara Raihani aliwapa chakula kizuri na kuwarudisha makwao.

Basi enyi wenye masikio, maiti wako mlilie na umzike, usimwachie mtu mwingine amtawale. Hayo ndiyo yaliyotufikia ya Barzanga, nasi tumeyafikisha. Penye upungufu ni ulimi wetu, na penye kweli ni kwa Mola aliyeiwasha nyota ile bila kumwuliza mtu.