Nanzia na Wenzake Walionyamaza

Aliyekosa asiponena, anayetafuta hapati.

Wauguzi watatu vijana waliisikia methali hii kwa mkuu wao asubuhi moja, alipomkuta mwenzao akichana karatasi yenye matokeo mabaya. Wakati wa chai walimwuliza Bi Makasi, muuguzi mstaafu aliyekuja kuwafundisha kila Alhamisi, imetoka wapi. Bi Makasi alimaliza chai yake kwanza. Kisha akawaambia kwamba methali hiyo haina hata umri wa kuitwa ya kale, na kwamba ilizaliwa humu humu katika kliniki yao. Akasimulia.

Palikuwa na mwanamke wa Same aliyeitwa Nanzia, fundi wa kushona sare za shule. Mumewe, Mbonea, alikuwa mwashi. Walikuwa na miaka kumi na mmoja katika ndoa. Kila Januari Nanzia alishona mashati na sketi za watoto wa mji mzima, na hakuna hata nguo moja iliyobaki nyumbani kwake. Walitumia dawa za hospitali na za miti shamba, wakaombewa, wakangoja. Mwishowe walikuja hapa, mahali ambapo yai la mke na mbegu ya mume hukutanishwa maabara, nje ya mwili, na kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kikipatikana hurudishwa tumboni.

Daktari Kiwale, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, hakuwaficha kitu. Aliwaambia wanaorudi mikono mitupu ni wengi kuliko wanaopata, naye alikuwa akifanya utafiti ili idadi hiyo ipungue. Alikuwa na swali moja. Je, kiinitete kirudishwe tumboni siku zile zile, au kigandishwe kwanza, mwili wa mama upumzike mwezi mmoja au miwili, ndipo kirudishwe? Madaktari wenyewe walikuwa wanabishana. Wanawake walioridhia wangegawanywa kwa kura katika makundi mawili, kisha wafuatiliwe wote hadi mwisho.

"Na kura ikinitupa kwenye kundi baya?" Nanzia aliuliza.

"Sijui lipi ni baya," daktari alijibu. "Ningelijua, nisingepiga kura. Ningekupa lililo jema."

Jibu hilo lilimtuliza Nanzia. Alikuwa amechoka na watu wanaojua kila kitu. Akatia sahihi.

Kura ilimweka kwenye kundi la kurudishiwa mara moja. Alichomwa sindano siku kumi na mbili, na mayai yakatoka mengi mno, ishirini na matatu. Viinitete viwili ndivyo vilivyokua vizuri. Kimoja kikarudishwa tumboni, cha pili kikagandishwa. Akaenda nyumbani na agizo moja: akiona lolote asilolielewa, apige simu.

Siku ya tatu tumbo lilianza kuvimba. Siku ya tano hakuweza kufunga sketi yake, pumzi ilikuwa fupi, na alilala ameegemea ukuta. Hakupiga simu. Siku moja kabla ya uvimbe kuanza alikuwa amekwenda Usangi kumzika shangazi yake, na huko, kama ilivyo desturi, alisaidia kubeba maji ya msibani. Basi aliamini kwamba ndoo zile ndizo zilizomharibia. Mbonea alipomwuliza, alisema ni gesi tu.

Baada ya wiki uvimbe ukapungua, kisha damu ikaja. Kliniki ilipopiga simu, Mbonea ndiye aliyepokea. Akasema mimba haikushika, basi. Tangu siku hiyo Nanzia hakuipokea tena namba ile. Alikuwa na mawazo mawili na yote yalimuuma. La kwanza, amemuua mwanawe kwa mikono yake. La pili, kwamba waliokosa hawana kazi katika utafiti. Watu hutaka habari za waliopata.

Miezi miwili ilipita. Adhuhuri moja Sista Ndekirwa, muuguzi wa utafiti, alishuka kwenye basi pale Same, akaulizia kwa fundi wa sare. Alimkuta Nanzia ameinamia cherehani.

"Umekuja kunilaumu, Sista," Nanzia alisema, hata kiti hajakitoa.

"Nimekuja kukujulia hali. Na kama utakubali, kukuuliza maswali. Ukikataa, ni haki yako, nitakunywa maji na kurudi."

"Mimi nilikosa. Waandikeni waliopata."

Sista Ndekirwa alijivutia kiti mwenyewe. "Nanzia, wewe ni fundi. Mteja aliyepata sketi inayomkaa vizuri atakufundisha nini?"

Nanzia alifikiri. "Hakuna. Atasema asante na kuondoka."

"Na yule ambaye sketi ilimbana?"

"Huyo ndiye nitakayempima upya."

"Basi ndivyo ilivyo na kwetu. Tukiwaandika waliopata peke yao, kitabu chetu kitasema uongo, na mwanamke mwingine atatumbukia ulikotumbukia wewe."

Nanzia alikata uzi, akauzungusha kidoleni. Kisha akasema yote: tumbo, pumzi, ukuta, ndoo za Usangi.

Sista aliacha kuandika. "Ndoo hazina kosa," alisema. "Ule ni ugonjwa. Huja kwa sindano zile mwili unapotoa mayai mengi. Ungeweza kukuua. Sisi ndio tuliopaswa kukueleza vizuri zaidi, na nakuomba radhi."

Nanzia alilia, na hakujificha. Miezi miwili alikuwa amejihukumu peke yake, na sasa mtu alikuwa amesafiri asubuhi nzima kuja kumwambia hana hatia. Alimshika Sista mkono akamshukuru. Halafu, alipokwisha kujifuta uso, akauliza kama wapo wengine walionyamaza.

"Kumi na mmoja. Siwezi kukupa majina yao, ni siri."

"Sihitaji majina. Nirekodi, uwapelekee sauti yangu."

Ujumbe ule ulikuwa mfupi. Alisema: "Dada, hunijui nami sikujui. Nilikosa kama wewe, nikanyamaza kama wewe. Nilidhani kosa ni langu, kumbe sivyo. Aliyekosa asiponena, anayetafuta hapati. Tafadhali pokea simu."

Tisa walipokea. Sita kati yao, wote wa kundi la kurudishiwa mara moja, walikuwa wamevimba vile vile, kila mmoja na sababu yake ya kujilaumu. Majibu yao yalipoingia, hesabu ya Daktari Kiwale ilibadilika. Ilionekana wazi kwamba wanawake wenye mayai mengi, wakingoja mwili upumzike, huugua kidogo, na wanaojifungua ni wengi zaidi. Kliniki ikabadili utaratibu wake.

Hapo kijana mmoja alimkatiza Bi Makasi. "Na Nanzia mwenyewe alipata?"

Hakupata, Bi Makasi alijibu. Alirudishiwa kile kiinitete cha pili baada ya kupumzika, na nacho hakikushika. Lakini safari hiyo hakungoja kutafutwa. Siku ile ile alipiga simu mwenyewe. "Sista, andika," alisema. "Nimekosa tena. Sijavimba, pumzi ni nzuri, na Mbonea anawasalimu."

Miaka miwili baadaye kliniki iliwaalika wote waliokuwa kwenye utafiti ili wasomewe matokeo. Alikuwapo pia Siwatu, mama wa Korogwe, aliyetibiwa baada ya utaratibu kubadilika. Mayai yake yalikuwa thelathini. Aliambiwa angoje, akangoja. Alikuwa amembeba binti wa miezi minne. Daktari aliwashukuru waliokosa kabla ya waliopata, na Nanzia alipoombwa asimame, alisimama. Siwatu akapita katikati ya viti, akampa mtoto ampakate.

"Sina cha kukulipa, dada," alisema.

Nanzia alimtazama mtoto, naye mtoto akamshika kidole. "Mimi ndiye ninayeshukuru," alisema. "Nilidhani machungu yangu yamepotea bure, kumbe yalifika kwako." Alikaa naye hadi mkutano ukaisha, na Mbonea, asiyekuwa mtu wa maneno, aliombea chakula kwa niaba ya wote.

Wauguzi wa siku ile, Bi Makasi alimalizia, ndio walioanza kuyarudia maneno ya ujumbe wake, wakawafundisha waliowafuata, nasi tukayaeneza. Ndiyo maana leo asubuhi mkuu wenu aliokota vipande vya karatasi aliyoichana mwenzenu, akaviunga kwa gundi. Aliyekosa asiponena, anayetafuta hapati.