Zimwi Lililobisha Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Mko?

Tuko!

Basi kaeni vizuri. Wewe Shomari, acha kumfinya mwenzio, au nanyamaza na kila mtu akalale. Hadithi hii siipendi, lakini mmeitaka wenyewe.

Alikuwako mwanamke mmoja, jina lake Mwanamvua, akikaa Kichangani na binti yake mmoja tu, Mboni, wa miaka mitatu. Mumewe alikuwa bondeni akichoma mkaa. Na huyo Mwanamvua alikuwa na adabu, jamani! Ukipita kwake huendi bila salamu. Ukibisha hodi, hujamaliza kutamka, keshakwambia karibu.

Siku moja asubuhi alikuwa uani anapepeta mchele. Akasikia mlangoni, "Hodi!"

Akaitikia hukohuko uani, "Karibu! Karibu ndani!"

Hakuuliza nani. Nani huuliza? Hata mimi siulizi.

Alipoingia ndani akakuta zimwi. Limekaa juu ya kiti cha mumewe, nywele mpaka magotini, na Mboni keshatiwa ndani ya tenga, amefunikwa kwa kifuniko.

Mwanamvua akapiga magoti. "Niachie mwanangu!"

Zimwi likasema, "Mimi sikuvunja mlango. Nimebisha hodi, umenikaribisha. Mimi ni mgeni wako."

"Niachie mwanangu!"

"Nitakupa nafasi. Nitajificha nyuma ya mlango mpaka adhuhuri. Wakija watu, utasema yale unayoyasema kila siku, na utafanya yale unayoyafanya kila siku. Mengine yote nimeyafunga. Machozi nimekuachia. Akitokea mtu mmoja tu akakwambia, 'Mwanamvua, si kweli,' basi nitamwacha mtoto niende zangu. Mmoja tu."

Mwanamvua akaona, ah, mmoja tu! Kijiji kizima hiki, atakosekana mmoja? Akatoka barazani akakaa.

Basi akapita Mzee Mshangama, jembe begani, anatoka shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

Mwanamvua akataka kusema zimwi. Akalisukuma lile neno kwa nguvu zake zote. Likatoka jingine, "Njema."

"Mtoto?"

"Hajambo."

"Tunashukuru."

Yule mzee alisema tunashukuru mgongo umeshageuka. Machozi yanamchuruzika mama wa watu mpaka kidevuni, mzee anatazama njia. Akaenda zake.

Jua likapanda. Akaja Bi Nunu, jirani wa nyumba ya pili, kuazima ungo. Huyu macho yake hayapitwi na kitu, hata kuku wa watu anajua kataga wapi. Mwanamvua akasema moyoni, huyu ndiye.

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Mtoto?"

"Hajambo."

"Tunashukuru."

Bi Nunu akachungulia ndani, akaona chini ya mlango dole gumba kubwa la mguu, lina ukucha mweusi.

"Ee, una mgeni?"

"Ndiyo. Karibu ndani, tule."

Mwanamvua alimkaribisha kwa roho yake yote, maana hilo lilikuwa halikufungwa. Ingia, Bi Nunu! Ingia uone!

Bi Nunu akavuta shela yake. "Aa, ahsante, nimeshiba. Mgeni wako asije akasema nimefuata chakula." Akachukua ule ungo aliokuja kuazima, akaondoka. Na alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, mwongo yule!

Ndani ya tenga Mboni akaita, "Mama!" Sauti ndogo. Mwanamvua akataka kuinuka akalifunue tenga, miguu ikakataa; hilo si la kila siku.

Jua likakaribia utosini. Basi akatokea Mwanasha, dada yake Mwanamvua, tumbo moja, ziwa moja. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Habari za nyumbani, mdogo wangu?"

"Njema."

"Mtoto?"

"Hajambo."

Mwanasha hakusema tunashukuru. Akasimama. Akamtazama.

"Macho mbona mekundu hivyo?"

Na Mwanamvua, wajukuu zangu, alikuwa na jibu la kila siku la swali hilo. Sote tunalo. Likamtoka lenyewe.

"Moshi tu, dada."

Mwanasha akatazama jikoni. Mafiga matatu, hakuna moto. Paka amelala juu ya majivu. Akamtazama tena mdogo wake, midomo ikafunguka. Nyuma ya mlango zimwi likabana pumzi.

Lakini Mwanasha aliwaza, pengine ni mambo ya mume. Nikiuliza nitaambiwa nachimba. Mambo ya mume hayaulizwi barazani.

Akasema, "Kuni mbichi hizo. Kesho nitakuletea kavu."

Akaenda zake. Mara mbili aligeuka nyuma, na mara zote mbili aliendelea kwenda.

Ikawa adhuhuri. Zimwi likatoka nyuma ya mlango, tenga mgongoni, na mle ndani Mboni analia. Likasimama kizingitini kama mtu mwenye heshima zake.

"Haya mwenyeji wangu, kwaheri."

Mwanamvua alitaka kulirukia. Alitaka kulilaani lilikotoka na linakokwenda. Kinywa kikafunguka chenyewe, kikasema:

"Karibu tena."

Zimwi likacheka, likaondoka. Lilipovuka kilima ndipo ulimi ukafunguka, akapiga ukelele mpaka koo likachanika. Watu wakaja mbio na mapanga, na Mzee Mshangama na jembe lake. Wakatafuta siku ya kwanza, wakatafuta siku ya pili, wakatafuta siku ya tatu. Hawakuona hata unyayo.

Wakamuuliza, "Mbona hukusema?"

Mwanamvua akawatazama tu, mmoja mmoja. Alipofika kwa dada yake, Mwanasha akakaa chini kwenye vumbi, hivyo hivyo na nguo yake nyeupe, akajishika kichwa.

"Nilijua," akasema. "Nilijua hakukuwa na moto."

Hadithi yangu imeishia hapo, na msiniulize kama mtoto alirudi. Hakurudi. Nanyi mkimuuliza mtu habari zake, simameni mpaka ajibu, na jibu lisipofanana na uso wake, mwambieni si kweli. Akikasirika, na akasirike.