Cheza na Kibaba, Ghala Lisijue

Cheza na kibaba, ghala lisijue. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mumewe asubuhi, nanyi mkaangua kicheko kabla ya kujua mnachekea nini. Sasa mnaniuliza maneno haya yalitoka wapi. Haya, endeleeni kumenya hizo karanga, na anayekula nyingi kuliko anazomenya namwona. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Nambunda, mavuno yakishaingia ndani na mvua bado iko mbali, wanaume walikuwa wakikusanyika barazani kwa fundi cherehani kucheza karata. Fedha ilipigwa marufuku hapo, maana ilikwisha kugombanisha ndugu. Walicheza kwa karanga. Kila mtu hupewa karata tatu. Akizipenda, huweka konzi ya karanga katikati. Mwenziwe akiongeza, naye lazima aongeze. Akishindwa, hulala, yaani hufunika karata zake na kuziacha karanga zote alizoweka.

Basi palikuwa na kijana mmoja, Chilumba, aliyeoa hapo kijijini. Kwa desturi yao mwanamume huhamia kwa wakwe, na heshima yake ni shamba. Mkwe atakayefika msimu wa kupanda hana mbegu hurudishwa kwao, jembe begani, na watoto wakimsindikiza kwa nyimbo. Chilumba alilijua hilo. Alikuwa mkulima hodari, mcheshi wa kupindukia, na mchezaji karata wa hivi hivi tu. Hilo la mwisho hakulijua.

Angelijuaje? Kumbukumbu yake ilikuwa na upendeleo. Siku aliyoshinda, mkewe Somoe alimsikia akiimba tangu kisimani. Siku aliyoshindwa alisema, "Leo hatukucheza, tumeongea tu." Aliyemshinda alikuwa na bahati, yeye akishinda, ni akili. Karanga za kula zilipomwishia, alichota za mbegu. Alijiambia kwamba kesho atazirudisha maradufu. Kesho ikawa na kesho yake.

Siku moja Somoe aliingia ghalani. Kati ya magunia mawili ya mbegu, moja lilikuwa limenywea kama puto lililotoboka. Alikaa juu yake akalia kidogo, kisha akafuta macho akatoka.

"Baba Salima," alisema, "katika michezo kumi, wewe unashinda mingapi?"

"Saba," akajibu Chilumba bila kupepesa macho. "Nikiwa na usingizi, sita."

"Basi umeoa vizuri, maana mimi napenda washindi. Kuanzia kesho nitakupimia kibaba kimoja cha karanga, kimejaa. Kikiisha, unarudi nyumbani. Ukirudi, tunapima tena, na pale zilipofika nachora kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango: zikibaki chache, chini; zikijaa, juu. Mtu wa saba kwa kumi atajaza ukuta kwa sifa."

Chilumba akacheka, akakubali. Kesho yake alirudi jua halijafika utosini, kibaba kikitoa mlio wa bati tupu.

"Umesahau nini?" akauliza Somoe.

"Nimesahau kushinda," akasema Chilumba, na wote wawili wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Lakini siku ya tano kicheko kilikuwa kimepungua. Alama nne zilikuwa chini kabisa kwenye mwimo, na moja katikati. Na siku ya hiyo ya katikati hakuwa ameshindwa sana, ila karanga nyingine alizitafuna mwenyewe huku akiwaza. Alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu. Aliona haya. Kichwani mwake alikuwa bingwa, na hapa mkaa ulikuwa unasema jina lake jingine.

Akamwendea Nandonde, mzee mkimya ambaye kila siku aliondoka barazani na karanga kidogo zaidi ya alizokuja nazo.

"Mzee wangu, nifundishe. Dawa yako ni ipi?"

"Dawa!" Nandonde akacheka. "Mwanangu, mimi si fundi. Nilijichunguza zamani nikajua hivyo, ndiyo maana ukinihesabu, katika michezo ishirini nalala kumi na mitano. Wewe je, unalala mingapi?"

Chilumba akafikiri. "Silali. Naona aibu."

"Na nikijiona nimekasirika, naondoka kwenda kutazama mbuzi wangu. Mbuzi hawana maneno."

"Na ukikosa karanga, huendi kuchota kwenye ghala lako?"

Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la ajabu. "Ghala langu? Ghala langu halijui kama mimi nacheza karata."

Chilumba alirudi na maneno hayo akiyatafuna. Akaanza kujifunza kulala. Mwanzoni ilimuuma, kisha akazoea. Alama kwenye mwimo zikaanza kupanda, polepole, nyingine zikishuka tena, na jioni moja kibaba kikarudi kimejaa pomoni. Somoe akachinja jogoo.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, akaja barazani mgeni kutoka kijiji cha jirani, gunia la karanga limefungwa nyuma ya baiskeli yake. Siku hiyo Chilumba aligawiwa wafalme watatu. Wafalme watatu! Hakuwa amewahi kuwashika maishani mwake. Aliweka konzi, mgeni akaongeza. Akaweka nyingine, mgeni akaongeza, mpaka kibaba kikakauka. Hapo mgeni akainuka, akashusha gunia, akalibwaga katikati.

"Naweka hili lote. Nawe leta gunia lako, au ulale."

Baraza likalipuka. "Kalete, Chilumba! Nyumba si hiyo hapo!" Hata fundi aliacha cherehani. Mama mkwe wake, Bi Nambaya, aliyekuwa akipita na kuni kichwani, alisimama, kwa kuwa alilijua vizuri lile gunia moja la mbegu lililobaki.

Chilumba alikuwa amekwisha kusimama. Mguu mmoja ulikuwa nje ya baraza. Akalitazama paa la nyumba yake, na mlango, na mistari ya mkaa iliyoonekana hata kutoka pale. Kisha akarudi, akaketi, akazifunika karata zake chini.

"Nimelala."

Mgeni akacheka, akafunua zake: mbili, tano na saba, hazina undugu wowote. Watu walipofunua za Chilumba na kuwaona wafalme, walishika vichwa. "Ungeshinda, mjinga wee! Gunia zima!"

"Ningeshinda, naam," akasema Chilumba, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa furaha kana kwamba gunia ni lake. "Na kesho ningekuja hapa na magunia mawili. Mimi najijua, jamani, nimejisoma mlangoni kwangu. Cheza na kibaba, ghala lisijue!"

Nandonde ndiye aliyeanza kucheka, kisha baraza zima. Bi Nambaya alitua kuni zake chini. "Mkwe," akasema, "mvua ikinyesha nitakuja mwenyewe kukusaidia kupanda." Akacheka naye, kitu ambacho hakuna mkwe aliyewahi kukiona.

Mvua ikanyesha, gunia likaingia ardhini, na mwaka ule Salima, mama yangu, akajifunza kutembea akiparamia marundo ya karanga. Mwimo wa mlango haukuoshwa kamwe. Na hicho kibaba chenye mpini uliopinda, ambacho mnapimia hizo karanga zenu sasa hivi, ndicho hicho hicho. Kwa hiyo mkimsikia tena shangazi yenu, mchekeni mumewe kwa kujua: cheza na kibaba, ghala lisijue.